Siku Niliyomshika Baba Mkwe Ndevu

Jamani, nimejaza daftari zima kuhusu urafiki wangu na Mwalimu Ambakisye, mtunzi wa michezo ya kuigiza aliyenifanya nijulikane Mbeya nzima nikiwa na miaka kumi, na mkilisoma mtadhani tulikuwa malaika wawili, kwa sababu siku hii niliiruka kwa aibu.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Mwalimu alitunga mchezo wa harusi ya Kinyakyusa, bibi harusi mimi (mtoto wa muuza kanga, mila zao nazijua kwa kukaririshwa tu), na bwana mmoja kutoka Iringa akaja kuamua kama tutaalikwa kuigiza kwao. Iringa! Mimi niliyekuwa sijawahi hata kupanda basi! Kazi yangu ilikuwa nyepesi: baba mkwe akitokea, nijifunike kanga nikimbie, maana kwa Wanyakyusa mke wa mwana hamtazami baba mkwe usoni, sembuse kumgusa.

Sasa mwigizaji wa baba mkwe akaamka na homa, Mwalimu akaingia mwenyewe, ndevu za katani kazibandika kwa uji, na upande mmoja ukaanza kubanduka. Nikajiambia, rafiki yangu ataumbuka huyu. Badala ya kukimbia nikamwendea, nikazishika zile ndevu, nikazikandamiza.

Ukumbi ukalipuka! Akina mama wa mbele wakajifunika nyuso kama wao ndio wakwe, na mama mzazi wa Mwalimu akasimama: "Gwe mwana! Unamshika mkweo ndevu?"

"Zinadondoka, bibi!"

Mwalimu akasahau mchezo, akanikimbia (baba mkwe anamkimbia mkwe!), ndevu zikabaki mkononi mwangu, nami nikamfukuza nikiita, "Mwalimu, ndevu zako!" mpaka akaupiga kumbo mgomba wetu wa jukwaani, ukamwangukia mgeni wa Iringa.

Nikaiona Iringa ikienda zake bila mimi.

Mgeni akachomoza kwenye majani, machozi yanamtoka kwa kicheko. "Njooni," akasema, "ila mje hivyo hivyo, na mgomba msiusahau."

Basi nikapanda basi, na Iringa nikamshika Mwalimu ndevu siku tatu mfululizo, safari hii kwa amri yake.

Tangu hapo nimehama miji saba. Juzi nilimpelekea lile daftari alisome, akalirudisha na mstari mmoja: "Zena, ndevu zangu ziko wapi?"

Ndizo hizi, Mwalimu. Na naapa, nikiona tena ndevu za mtu zinabanduka, nitaziacha zidondoke.