Kicheko cha Waingereza Kule Gashonga

Harufu ya mafuta ya jenereta ikichanganyika na ya ndizi mbivu bado hunifanya nizibe pua. Kule Gashonga, kijijini kwetu Rwanda, jenereta ya ukumbi wa video ilikaa nyuma ya banda la kuivishia ndizi za pombe, na kila Jumapili baada ya misa harufu hizo mbili zilitupokea mlangoni. Ukumbi wenyewe ulikuwa chumba cha udongo chenye mabenchi ya mbao, turubai dirishani, na televisheni moja iliyopandishwa juu kama sanamu ya mtakatifu. Tulijazana humo, wenye viatu na wasio na viatu, kumwangalia Mwingereza mmoja aliyeuza viatu.

Jina lake hatukulijua. Alikuwa mwigizaji wa vichekesho, mfupi, nyusi nene, koti linambana, na kila mara alimvisha mteja kiatu kisicho chake kisha akakana katakata kwamba amekosea. Kanda zake zilitoka Bukavu, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, zikiwa zimechakaa. Kiingereza hakukijua hata mmoja wetu, na Papa, baba yangu, ambaye ndiye aliyetufasiria, alikuwa mjinga wa Kiingereza kuliko wote. Alikulia Kongo, akarudi Rwanda na mke, redio na ulimi mtamu, basi. Aliketi kando ya televisheni na kipaza sauti chake, akamtungia yule mtu maisha mazima: akamwita Kasimiri, akampa mke mkali, shamba la mihogo lililofukuliwa na nguruwe wa jirani, na mbuzi aliyetorokea Burundi kwa njia ya mpaka wa Ruhwa. Watu waliamini. Mzee mmoja alimsimamisha Papa njiani kumuuliza kama mbuzi amepatikana.

Kazi ile ilikuwa na ufundi wake. Ndani ya kanda mlikuwa na Waingereza wasioonekana, kazi yao kucheka tu, na Papa alijua kila mahali watakapocheka. Ilimpasa amalize sentensi kabla yao, ili kicheko chao kiangukie juu ya maneno yake. Wakicheka wao, nasi tunacheka, hata ambaye hakusikia kitu. Nilikuwa na fahari juu ya baba yangu kupita kiasi, nikakaa benchi la mbele ili watu wanione.

Msimu mmoja wa mvua Maman, mama yetu, hakuwepo. Alipelekwa hospitali Bukavu, tumbo limemvimba, na shangazi yetu, dada wa Papa, akaja kutupikia. Kila tulipomuuliza alijibu neno lile lile: "Maman iko napata nafuu, batoto. Atarudia siku ya lundi." Lundi zikaja na kupita, Jumatatu baada ya Jumatatu. Nilikuwa nimemwekea ndizi tamu chini ya kitanda, zile ndogo alizozipenda, mpaka zikaoza na shangazi akanigombeza kwa sababu ya siafu. Kisha Papa alikwenda Bukavu, akarudi Jumamosi moja macho mekundu, akasema ni moshi wa gari. Kesho yake mwenye ukumbi alipomwita, alikwenda.

Siku ile Kasimiri alipiga magoti, ameshika mguu wa mteja. Papa akanyamaza. Midomo ya Mwingereza ikacheza bila sauti yetu, mpaka mtu nyuma akapiga kelele, "Papa Neema, sema basi!" Neema ni mimi. Papa akasogeza kipaza sauti, na kwa ile sauti ya puani ya Kasimiri akasema, "Bibi yangu, mama ya batoto, alikufaka. Tulimuzika Bukavu. Batoto bangu banangojea lundi, na miye siyui nitabaambia namna gani."

Waingereza wakacheka. Sentensi ilikuwa imeishia palepale ilipopaswa kuishia, maana ulimi wake ulishazoea. Na ukumbi mzima ukacheka. Nilicheka na mimi, mahindi ya kuchoma mdomoni. Tuliacha pale shangazi, aliyesimama mlangoni, alipopiga yowe na kuketi chini kwenye tope.

Katika ukoo wetu mzazi hawapi watoto wake habari ya msiba kwa kinywa chake. Hiyo ni kazi ya shangazi. Papa alimngojea shangazi, na shangazi alishindwa. Mficha maradhi kilio humuumbua, wahenga walisema. Sikuwahi kumlaumu yeyote kati yao. Lakini kwa miaka mingi niliposikia watu wakicheka pamoja nilitafuta mlango.

Papa hakushika tena kipaza sauti. Alishuka Bugarama kulima mpunga, akawa mtu wa maneno machache, halafu wa maneno mawili. Ukumbi sasa ni duka la simu. Kiingereza nilijifunza mimi, nakifundisha, na mwezi uliopita nilimwona Kasimiri kwenye simu yangu, chini yake habari ya kifo chake. Baada ya vile viatu hakupata kazi nyingine ya maana. Mitaani watu walimpigia kelele wakimwitisha viatu, mpaka akaacha kutoka nje. Amefia katika nyumba ya wazee, hana mke wala mtoto.

Nilikwenda Gashonga. Papa, ambaye uzee ulimrudisha kutoka Bugarama, alikuwa ameketi uani, miguu mitupu juani. Nilimwonyesha picha, akaisogeza karibu na macho, na uso wake ukafunguka kidogo.

"Kasimiri," akasema. "Iko wapi siku hizi?"

Shangazi tulishamzika. Hakukuwa na mtu wa kusema badala yangu.

"Papa, Kasimiri alikufaka."

Aliinua kichwa, akatega sikio, kama zamani kando ya televisheni, akingoja watu wacheke. Tulingoja wote wawili. Hakucheka mtu.