Kitambaa cha Waridi Juu ya Kielelezo

Siku hizi hualikwa kwenye makongamano ya haki za kidijitali. Hufanyika katika hoteli zenye mazulia mazito na maji ya chupa, na lazima pawe na kijana mwenye kipaza sauti anayenitambulisha kama mmoja wa waasisi. Kisha huniuliza nilianzaje. Nami hukohoa, nikazungumzia katiba na faragha, watu wakaandika. Hakuna anayeandika ukweli kwa sababu siusemi. Nilianza kwa sababu ya kitambaa cha kufuma.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Ofisi yangu ilikuwa juu ya bucha, Dandora, Awamu ya Pili, hapa Nairobi, na mtu mwenye kesi ya maana hakuwahi kuzipanda ngazi zile. Waliopanda ni wauza pombe haramu ya chang'aa, wapangaji waliofungiwa milango, na waliokosea wakidhani bucha iko juu. Kitu pekee cha kidijitali tulichokijua mtaani kilikuwa saa za mkononi, zile zilizolia kanisani mahubiri yakianza kunoga.

Mkabala na bucha palikuwa na kibanda cha kupigisha chapa. Mwenyewe alikuwa mama kutoka magharibi mwa nchi, karani wa zamani wa kiwanda kimoja kule Industrial Area. Kiwanda kilipompunguza kazini alinunua kompyuta kuukuu na printa yake, akaweka mezani, akaweka na kiti kimoja cha mteja. Mtaa mzima ulipita kwenye kile kiti. Walileta barua za kuomba kazi, ratiba za mazishi, mikataba ya nyumba, na zile barua ambazo mtu hapendi mwandiko wake ujulikane. Wewe ulisema, yeye alipiga chapa, na uso wake ulikuwa wa mtu anayechambua mchele. Ukiinuka pale ulikuwa na uhakika kwamba hakusikia kitu.

Mashine ile ilivishwa. Dandora moshi wa jalala la jiji ulitua juu ya kila kitu, kwa hiyo kila kitu cha thamani kilikuwa na kitambaa chake: redio, runinga, jagi la maji. Ukiingia nyumba ya watu ukaona kitu hakina kitambaa, ujue ni cha jirani na kitarudishwa. Vya mama yule vilikuwa vyeupe. Kimoja kilifunika kioo, kingine vibonyezo, kingine printa, na kila jioni alivitandika kabla ya kufunga.

Asubuhi moja polisi wakaja. Kulikuwa kumesambazwa kijikaratasi mtaani, kikiuliza ni nani aliyezungushia mabati uwanja ambao watoto wetu walichezea mpira. Swali lenyewe lilikuwa rahisi na kila mtu alijua jibu, ndiyo maana likaitwa uchochezi. Inspekta aliyeongoza msako alivitupa vile vitambaa vyeupe sakafuni, akabeba mashine na printa, akambeba na mama.

Nilimkuta rumande. Inspekta alikuwa ameshampa njia ya kutokea: ataje aliyeleta ile kazi, arudi kwa watoto wake. Asipotaja, ni jela, na jela ya uchochezi miaka ile haikuwa mzaha. Mimi, mtetezi wake, nikamshauri ataje.

"Wakili," akaniambia, "nikitaja mmoja leo, kesho ni nani atakaa kwenye kile kiti aniambie niandike?"

"Basi tuwaonyeshe kwamba ndani ya ile mashine mna kazi za watu wengi. Tufungue zote, ionekane hukuandika ya kwako."

"Hiyo ndiyo usiguse kabisa. Ukisoma hata moja ya mteja mbele ya watu, tafuta mtu mwingine wa kumtetea."

Nikatoka pale nimeudhika. Nilikuwa nimesomea sheria kwa miaka, na mteja wangu alikuwa amenifungia kila dirisha. Lakini pia, nikiri, nilimwogopa kidogo.

Ndipo ngazi zangu zikaanza kupata wageni. Wa kwanza alikuwa mzee wa kanisa, aliyevaa koti siku ya kazi. Aliuliza afya yangu, ya mke wangu, ya wazazi wangu kijijini, kisha akasogeza kiti.

"Wakili, ile mashine. Inaweka vitu, ama ikishachapa inasahau?"

"Inaweka."

"Vyote?"

"Vyote, mzee."

Akatoa leso. Ikatokea kwamba ile barua ya kumshtaki pasta kwa askofu, iliyotiwa saini "Waumini Wenye Uchungu", ilikuwa na muumini mmoja tu, naye alikuwa ameketi mbele yangu.

Baada yake akaja mwenye ploti ya nyumba za kupangisha, aliyekuwa na mikataba ya aina mbili, mmoja wa wapangaji na mwingine wa watu wa kodi ya serikali. Kisha akaja kijana aliyepata kazi kwenye kampuni moja huko mtaa wa Fedha.

"Wakili, niaje. Sasa hiyo machine ikiwashwa kortini, si inaonyesha vitu zote?"

"Zote."

"Hata CV?"

"Hata CV."

"Zi, wakili, hapana. Hapo umenimaliza. Kuna degree fulani iko hapo ndani, na mimi hata sijawahi kanyaga campus."

Wote walinihimiza nipigane kufa na kupona. Wote walimsifu mama yule kwa machozi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza anakula nini rumande.

Siku ya kesi mahakama ilifurika hadi veranda. Mwandishi mmoja wa gazeti aliyekuwa akisinzia nje aliamka, akaniambia hajawahi kuona mtaa ukimpenda mtu namna ile. Nikamwambia ni mshikamano wa umma. Nilitazama nyuso za umma nikaona kila mtu anaikodolea macho ile mashine, imewekwa mezani mbele ya hakimu, na midomo inacheza kwa sala.

Mwendesha mashtaka, naye polisi, alikuwa na hoja moja, na haikuwa mbaya. Ile printa ilikuwa na kasoro: sindano yake moja ya kupigia wino ilikufa, kwa hiyo kila mstari iliouchapa ulipitwa katikati na kijistari cheupe. Kijikaratasi cha uchochezi kilikuwa na kijistari hichohicho. Kwa hiyo, alisema, chochote chenye kijistari kile ni maneno ya mshtakiwa. Na ili kuondoa shaka, akaomba mashine iwashwe pale pale na yaliyomo yasomwe yote.

Karani akachomoa birika la chai ya hakimu ili kupata umeme. Nyuma yangu nikasikia mtu akisema "Yesu wangu", na nadhani alikuwa mzee wa kanisa. Mteja wangu alinitazama kutoka kizimbani, macho makavu, akatikisa kichwa mara moja. Nikasimama nikaomba, kabla ya kuwashwa kitu, nimhoji Inspekta.

Sikuwa na swali. Nilikuwa na hofu na joho la kuazima. Nikaitazama ile mashine kutafuta pa kuanzia, na hapo ndipo nilipokiona, ingawa kilikuwa mbele ya macho yangu asubuhi nzima. Kielelezo cha Jamhuri kilikuwa kimefunikwa kitambaa. Rangi ya waridi, kimefumwa maua, kina vishada pembeni, kimefuliwa na kupigwa pasi.

"Inspekta, hiki kitambaa ni kielelezo namba ngapi?"

"Hiyo si kielelezo. Ni ya kuzuia vumbi."

"Polepole, wakili," hakimu akasema. Wakati ule mahakimu waliandika kesi nzima kwa mkono, na wakili alitakiwa kusema sentensi moja, kisha asubiri kalamu. Kabla ya hapo niliuchukia utaratibu ule. Siku ile niliubariki, maana kila jibu la Inspekta lilining'inia hewani hadi wino ukauke.

"Ulichukua mashine ikiwa na kitambaa?"

"Hapana. Vyake vilibaki."

"Vielelezo huwekwa wapi?"

"Stoo. Inafungwa na kufuli."

"Na bunduki za majambazi zilizomo stoo, nazo mmezifumia?"

Watu wakacheka. Hakimu akaandika. Inspekta akatazama dari.

"Hiki kilifumwa na nani?"

"Mama watoto," akasema, kwa sauti ya chini.

"Alikifuma kiwe wapi?"

Kalamu ya hakimu ilifika mwisho wa mstari ikangoja. Inspekta akajibu, "Ofisini kwangu. Mezani."

Hapo nikakumbuka kadi. Wiki ile kila mwenye biashara Dandora, hata mimi mwenye ngazi tupu, alikuwa ameletewa kadi ya kuchangia harusi ya binti yake Inspekta, na askari aliyeileta hakuondoka haraka. Yangu ilikuwa bado mfukoni mwa koti. Nikaitoa, nikainyoosha, nikaisogeza mbele ya shahidi. Katikati ya "Kamati Inakualika kwa Heshima na Taadhima" kilipita kijistari cheupe, toka mwanzo hadi mwisho.

"Inspekta, tumeambiwa chochote chenye kijistari hiki ni maneno ya mshtakiwa. Ni yeye anayemwoza binti yako? Kutoka rumande?"

Hakimu alinyoosha mkono aione kadi. Aliiangalia kwa muda mfupi sana, muda wa mtu ambaye hana haja ya kuisoma. Kisha akaweka kalamu chini, akatangaza mapumziko ya chai, akakumbuka birika limechomolewa, akaondoka hivyohivyo.

Tuliporudi mashtaka yaliondolewa. Mashine haikuwashwa na hakuna mstari wa mteja yeyote uliosomwa. Inspekta aliirudisha siku hiyohiyo, akaomba arudishiwe kitambaa, na mteja wangu akakikunja vizuri, pembe kwa pembe, akampa.

Mtaa ulisherehekea. Walinibeba juujuu hadi bucha, mzee wa kanisa akaongoza wimbo, mwenye ploti akanunua soda. Kwa juma zima niliitwa wakili wa kompyuta na nilijiona mkubwa sana.

Kisha nikaanza kuona kitu kutoka dirishani kwangu. Kiti cha mteja kilikuwa kitupu. Asubuhi kitupu, mchana kitupu. Jumamosi moja nilipita karibu na steji ya matatu nikakuta foleni ndefu mbele ya jamaa aliyekuwa akipiga taipureta, ile isiyoweka kitu, chini ya mwavuli, kelele ya mashine ikisikika hadi barabarani. Wageni wa ngazi zangu wote walikuwemo. Mwenye ploti alikuwemo. Kijana wa shahada alijifanya kufunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa ndara. Mzee wa kanisa alikuwa karibu na mbele.

Nilikasirika. Nikamuuliza mzee mbele ya watu kama hakuona yule mama alivyokubali kufungwa ili siri yake isitoke.

"Nimeona, wakili. Tunamheshimu sana yule mama. Tunamwombea."

"Alinyamaza, mzee. Walimtishia jela akanyamaza."

"Alinyamaza," akakubali, akisogea hatua moja kwenye foleni. "Lakini mtu hanyamazii kitu asichokisikia. Si anajua?"

Nilienda moja kwa moja hadi kibandani nikamweleza yote, nikitukana. Nikamwambia nitawashtaki wote kwa kukosa shukrani. Aliniuliza chini ya kifungu gani cha sheria. Alikuwa anafunga mapema. Akatandika kitambaa cheupe juu ya kioo, akatandika cha vibonyezo, akatandika cha printa. Kisha akatoa kingine ambacho sikuwahi kukiona, kipya, akakitandika taratibu juu ya kile kiti cha mteja, akazima taa.