Shimo Lisilojaa

Wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kuingia Mbinga, shemeji yangu, kaka wa mume wangu, alijenga nyumba ya matofali juu ya mteremko wetu, na ndani akaweka choo cha kuvuta maji. Hakuna Jumapili tuliyotoka kanisani bila kusikia habari za choo hicho. "Tangu nijenge, shimo halijajaa!" alijigamba, nasi tukampongeza.

Msimu wa mvua uliofuata, binti yangu alianza kuharisha. Zahanati walinipa dawa, akapona, kisha akaharisha tena. Macho yalimzama. Niliogopa hata kusinzia. Wakwe walinong'ona kuwa nimemwachisha kunyonya mapema. Eti sisi wanawake wa Lituhi, kule ziwani, tuna haraka ya kurudi kuuza samaki. Maneno hayo niliyameza kwa hasira.

Asubuhi moja nilimwachia mume wangu mtoto, nikaenda kumsaidia mama mkwe kuandaa ngoro, yale mashimo ya Wamatengo yanayozuia mvua isikokote udongo wa shamba. Mvua ya usiku ilikuwa imekwisha kuzama yote. Nikamuuliza maji huwa yanakwenda wapi.

"Si yanashuka ndani kwa ndani, mwanangu? Ndiyo hayo tunayochota chemchemini."

Nikatupa jembe. Nyumba ya shemeji ilikuwa juu ya chemchemi ile ile.

Mimi na mama mkwe tulimkuta shemeji barazani. Nilisahau hata salamu. "Shemeji, lile shimo la choo, chini ulilisakafia?"

"Ya nini? Niliacha udongo unywe wenyewe. Ndiyo maana halijai." Akacheka. "Nanyi watu wa ziwani, mambo ya mlimani mtayajulia wapi?"

Mama mkwe hakucheka. "Mwanangu, unatunywesha nini?"

Shemeji akatazama mteremko mpaka kule chini kwenye chemchemi.

Hapo nikakumbuka. Mume wangu nilimwachia mtoto pamoja na kikombe na kijiko, amnyweshe maji kidogo kidogo asije akakaukiwa. Maji ya chemchemi hatukuwa tukiyachemsha. Yalitoka mwambani, baridi na maangavu, tukayaamini.

Niliteremka mbio, khanga ikaniponyoka, sikugeuka. Nilimkuta mume wangu ameinua kijiko. Nilikipiga, maji yakamwagika, na mtoto akaanza kulia kwa kiu. Jikoni moto ulikuwa umezimika, na maji mengine hatukuwa nayo.