Nafasi ya Gari la Félicien

Kusifia kitu ambacho moyo wako haukitaki ni kazi ngumu, na Mwavita aliifanya kila siku mbele ya duka la Mama Kavuo, hapo Kindu. Alikuwa akiuza vigari vya umeme, vidogo, vilivyopandishwa mto kwa mashua ya mbao kutoka Ubundu. Bei yake ilikuwa nafuu hata mwalimu au muuza mawese angeweza kuthubutu kuuliza. Havikunywa mafuta, vilishiba jua kwa paneli za sola. Tena vilikwenda kimya, na hapo ndipo wateja walipogoma.

"Sasa majirani watajua namna gani kama niko na gari?" aliuliza Barnabé, mwenye duka la dawa, huku akilizunguka mojawapo.

"Majirani ya Kindu, papa? Watajua mbele ya wewe mwenyewe kujua!"

Watu wakacheka. Mwavita akaacha wacheke, kisha akateremsha sauti. "Umesahau vita? Tulikuwa tunasikia injini, tunaacha mboga ya sombe ku moto, tunakimbia ku pori. Hii haitamukimbiza mutu."

Barnabé akachungulia ndani ya kile kigari. Kabla juma halijaisha alirudi na mke wake, wakanunua.

Hivyo ndivyo Mwavita alivyouza, na hakuna aliyejua kuwa anausema vibaya mlio wa injini anaoutamani kuliko kitu chochote duniani. Mumewe, Félicien, alikuwa dereva. Alikuwa na pikapu kuukuu iliyokohoa kama mzee mwenye pumu, na Mwavita aliitambua tangu ikiwa mbali, akaweka maji ya kuoga motoni. Vita vilipokuja, askari wakawa wanachukua magari pamoja na madereva wao. Félicien akayang'oa magurudumu, akayafukia chini ya mihogo, na gari likakaa kama takataka kwenye banda la uani. Siku moja, baada ya miaka bila treni, filimbi ikalia kule stesheni. Mji mzima ukashangilia. Kwa watu wa Kindu treni ikilia njia imefunguka, na Félicien hakuwa mtu wa kungoja. Akafukua magurudumu, akayafunga, akatoka kwenda kutafuta mchele. Kumbe ni fundi tu aliyekuwa akijaribu injini ya treni. Askari walimkamata Félicien kabla hajafika sokoni, wakampeleka pamoja na gari lake upande wa Kalima. Hakurudi, wala gari halikurudi.

Wakwe walitaka kuweka matanga. Mwavita akakataa: matanga ya nani, maiti iko wapi? Zaidi ya miaka ishirini alifagia lile banda kila asubuhi, hakuruhusu hata kuku alale mle. Watu walimwonea huruma, kisha wakachoka, kama watu wanavyochoka na huzuni ya mwenzao.

Sasa Mama Kavuo akaja nyumbani kwake na habari mbaya.

"Yaya, dada yangu mukubwa, mwenye kiwanja ya duka anachukua tena kiwanja yake. Magari haiwezi kulala ku mvua. Unipatie ile banda, iko bure. Kama hapana, mimi nafunga, narudi Butembo."

"Haiko bure. Iko na mwenyewe."

"Yaya wangu, wakubwa walisema asiyekuwapo na lake halipo."

Methali hiyo, Mwavita aliwaza, bila shaka ilitungwa na mtu ambaye hajawahi kumngoja mtu. Lakini kazi ile aliipenda. Ilimtoa nyumbani, ilimchekesha, ilimpa watu wa kuongea nao, na bila hiyo angebaki na ufagio wake tu. Usiku alilia, akamwomba Félicien msamaha kwa jina. Asubuhi akamwambia Mama Kavuo: "Mulete."

Siku ya kuleta, Mwavita aliketi uani akipepeta mchele, mgongo ameupa banda, masikio ameyaelekeza barabarani kama siku zote. Alisikia pikipiki. Alisikia mbuzi wa jirani. Alipogeuka kuchukua sufuria, gari jeupe lilikuwa tayari limesimama katikati ya banda, na Mama Kavuo anamchekea kutoka kwenye usukani.

Ungo ukamponyoka, mchele ukamwagika chini.

"Umeingia saa ngapi?"

"Sasa hivi, yaya. Nimepita hapa nyuma yako."

"Sikukusikia." Mwavita akashika mdomo. "Mimi sikukusikia! Miaka yote nachunga na masikio tu. Kama alikuja na miguu? Kama alisimama hapa, mimi nikiwa nasikiliza barabara?"

Akalia kwa sauti, kilio ambacho hakuna aliyewahi kumsikia akilia tangu vita. Mama Kavuo akashuka, akamkumbatia. Wakakaa hivyo mpaka kuku wakamaliza kuokota mchele.

Kisha Mwavita akajifuta uso kwa kanga, akaingia bandani. Akatazama lile gari, akatazama ukuta, akanyoosha mikono yake yote miwili kupima.

"Songeza ku pembeni, mama. Ile ya Félicien iko pana."

Mama Kavuo akapanda, akalisogeza gari mpaka kioo cha ubavuni kikagusa ukuta, akatoka kwa shida kupitia mlango wa pili, akauliza kama nafasi iliyobaki itamtosha Félicien.

"Itamutosha," Mwavita akasema.