Upepo wa Mtu Mmoja

Insha yangu ya mwisho chuoni ilirudi na swali moja la wino mwekundu: "Umejuaje?" Chini yake, siku: Jumatatu. Bila kuiandika upya kufikia siku hiyo, nisingehitimu na wenzangu, na mama yangu kule Vihiga alikuwa ameshashonesha gauni lake la kuja nalo kwenye mahafali.

Swali liliniuma kwa sababu ni langu. Mimi ndiye huwauliza wahubiri, wanasiasa na wahadhiri wamejuaje. Nilikuwa nimeandika kwamba katika filamu za zamani za Kijapani, zile nyeusi na nyeupe za samurai wenye panga, upepo ni upepo tu. Siku ya kupiga picha kulivuma, basi. Wasomi ndio huja baadaye wakasema upepo ni kifo, ni hasira, ni moyo wa mtu.

Jumamosi mchana nilikuwa chumbani kwangu Kitengela, nikiirudia filamu moja mara ya sita, mama mwenye nyumba alipoleta maziwa. Ni mama wa Kimaasai, nami humwita Yeyo, yaani mama kwa lugha yao; hufuga ng'ombe nyuma ya ploti, na kila asubuhi huangalia nyasi kabla ya kufunua mtungi, ajue vumbi la barabara litatoka upande gani.

"Msomi, huyu amevaa shuka ya nani?" akauliza akiwa mlangoni.

"Ni nguo ya kwao, Yeyo. Huyu ni samurai."

"Na mbona hapigani?"

Kwenye kompyuta, wanaume kama wanane walimzunguka mmoja, wakiruka mbele, wakirudi nyuma. Yeye alisimama tu, mikono ndani ya nguo, vumbi likikimbia miguuni pake.

"Rudisha nyuma kidogo," akasema. Nikarudisha. Akainama, mtungi bado mkononi. "Hizo nyasi za huko nyuma yake zinatikisika?"

Nikasogeza uso. Hakuna hata moja iliyotikisika.

"Sasa huo ni upepo gani wa kuchagua mtu mmoja?"

Niliruka kwa furaha. "Ni feni! Yeyo, wametudanganya!"

"Unachekelea nini? Mtu amebeba feni mpaka porini, unafikiri alikuwa anasikia joto?"

Upepo uliojivumia wenyewe ungeweza kuwa upepo tu. Huu kuna mtu aliutaka.

"Aliutaka wa nini?" nikauliza.

"Mimi nitajuaje? Lakini angalia. Hao wengine wanarukaruka kama ndama. Huyu hasongi hata kope. Bila hilo vumbi ungedhani ni nguzo ya ua."

Nikataka kumuuliza kuhusu vivuli, kuhusu mvua ya mwishoni, kuhusu ndege wanaoruka kabla ya upanga kutoka. "Niko na maziwa ya watu hapa," akasema, akaenda zake.

Nilianza upya: "Nimejua kwa sababu nyasi za nyuma hazikutikisika." Kurasa zilizobaki zilifuata mstari huo, mtu asiyesonga na vumbi aliloletewa ili tumwone hasongi. Kama upepo ni kifo, sikuandika. Hilo bado silijui.

Insha ilipita, kwa alama ambazo sikumwonyesha mtu. Siku ya mahafali upepo ukainua pindo la gauni jipya la mama, akalishika kwa mikono miwili huku akicheka. Mimi nikageuka haraka kuangalia miti iliyo nyuma ya hema.

"Unamtafuta nani?" mama akauliza.