Testa Iliyonuka Mutura

Syombua anaishi Kibera, na kazi yake ni kuvuta kebo za faiba, zile za intaneti, huko Kawangware. Si mtu wa kuona kinyaa ovyo. Lakini kisa cha Gatina, mtaa mmoja wa huko Kawangware, akikisimulia hadi leo, anakunja pua.

Eddah, ambaye majirani humwita Mama Ryan, ana duka la kompyuta chini ya ghorofa moja pale Gatina. Alikuwa amewekewa laini mpya ya kasi, ila ofisi ya kina Syombua haiwashi laini mpaka testa ikubali. Testa ni kifaa cha mkononi kinachopima kama mwanga unafika vizuri mwisho wa kebo. Syombua akachomeka. Ikakataa. Akachomeka tena. Ikakataa.

"Sasa wateja wangu nitawaambia nini?" Eddah akauliza.

"Nipe muda, Mama Ryan. Hii kebo lazima imevunjika mahali."

Kebo ilipita kwenye mtaro nyuma ya ghorofa, na mtaro ule hubeba maji ya vyoo. Syombua akavaa glavu, akaingia hadi magotini. Aliipapasa kebo polepole kati ya pampers zilizovimba na matumbo ya kuku, huku kitu laini kikimpita mguuni. Alitapika mara moja, akajifuta kwa bega, akaendelea. Kebo ilikuwa nzima mwanzo hadi mwisho.

Alipotoka na kunawa, ndipo alipowaza: je, kama shida ni testa yenyewe? Akachukua kebo fupi mpya, akaunganisha tundu moja la testa na lingine. Hapo hapakuwa na mtaro wala umbali. Ikakataa vilevile.

Akamulika tundu kwa tochi ya simu. Ndani mlikuwa na mafuta yaliyoganda, chembe za nyama na mguu wa mende. Akainusa. Mutura, ile soseji ya matumbo inayochomwa kando ya barabara!

Testa hiyo alikuwa amepokezwa na mwenzake, Kimotho. Akampigia.

"Kimotho, hii kitu ulikuwa unaifanyia nini?"

"Ah, si nilikuwa nakula nikifanya kazi. Hiyo imekuwa ikisumbua kitambo."

"Ulijua? Na ukanipea hivyo tu?"

"Ningesema, wangedai ni mimi nimeiharibu." Akacheka. "Kwani imekushinda?"

Syombua akakata simu. Miguu ilikuwa ingali inamwasha kwa ule uchafu, lakini kicheko kile ndicho kilichomrudishia kichefuchefu. Akasafisha tundu kwa spiriti na pamba mpaka pamba ikatoka nyeupe, akajaribu kebo fupi, kisha laini ya duka. Ikakubali. Ofisi ikawasha, na Eddah akapiga makofi.

"Ngoja nikuletee chapati na chai, mama."

"Asante, Mama Ryan. Leo chakula hakishuki."

Kesho yake ofisini Kimotho alimnyooshea mkono wa salamu. Syombua aliutazama, vidole viking'aa kwa mafuta, akaweka mikono yake mfukoni na kwenda kumweleza msimamizi kila kitu, Kimotho akisikia.