Barua Niliyoisoma kwenye Benchi la Wagonjwa

Naikumbuka siku niliyofunga zahanati ili nikachapishiwe barua, mwanangu, na hasira yake haijanitoka mpaka leo. Sehemu ya hasira hiyo sasa ni yako. Jana umeniletea fomu zako za kuomba udaktari, ukaniambia mwaka jana walikukataa kwa kuwa huna mtu ndani, na mwaka huu unapeleka zilezile, umebadilisha tarehe tu. Nilinyamaza kwa sababu mama yako alikuwepo. Leo sinyamazi.

Mimi nami walinikataa. Manyara ilikuwa bado haijakatwa kutoka mkoa wa Arusha, na vyuo vya binafsi ndiyo vilikuwa vinaanza kufunguliwa. Kemia yangu ya kidato cha sita ilikuwa mbovu, na nilijua ni mbovu, lakini nyumbani Mbulu niliwaambia wote kwamba nafasi zimechukuliwa na watoto wa wakubwa. Baba aliniamini, akaenda kuusimulia uongo wangu kanisani.

Chuo kiliniambia nirudie mtihani, nipate uzoefu wa kuhudumia wagonjwa, kisha niandike barua ya kujieleza. La mtihani nililipuuza. Nikashuka Hanang, kwenye zahanati ndogo ya wafugaji, kumsaidia Nesi Paskalina. Alikuwa mtu wa Mbulu kama mimi, ila alikuwa ameishi na wafugaji hao, Wabarbaig, miaka mingi na lugha yao aliimudu. Nilifagia, nikaandika majina, nikachemsha vifaa. Kwa kweli nilikuwa nasubiri miezi ipite.

Siku moja Nesi alikwenda kuchanja watoto kitongoji cha mbali. Aliniachia ufunguo na agizo moja: akija mtu amezidiwa, nimtume kijana kwa baiskeli amfuate. Asubuhi hiyohiyo lori la mahindi lilipita likielekea Katesh, ambako kulikuwa na mwenye taipureta. Nikafunga mlango, nikapanda.

Nilirudi kesho yake mchana, barua iko kwenye bahasha, nimeridhika nayo kabisa. Nikakuta kufuli limevunjwa. Mama mmoja wa upande wa Dirma alikuwa amefika jana yake na mtoto wake, Gidahoda, anawaka homa, shingo imekakamaa. Walilala pale mlangoni mpaka Nesi aliporudi asubuhi, akalivunja kufuli kwa jiwe, akamchoma mtoto sindano na kuwatafutia gari la hospitali. Nesi hakunigombeza. Alichukua bahasha mkononi mwangu akaifungia kabatini.

Mtoto alipona, lakini hakusikia tena. Waliporudi baada ya wiki kadhaa, nilimwamkia mama yule shikamoo. Alinitazama, hakuitikia. Nesi akatoa barua, akaniketisha kwenye benchi mbele yao.

"Isome. Mimi namtafsiria."

Nilisoma. Nilikuwa nimeandika kwamba najitolea usiku na mchana kati ya Wamang'ati, watu wasiojua umuhimu wa hospitali. Jina lile la kuwadharau Wabarbaig mama alilielewa kabla Nesi hajafungua mdomo. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha shida:

"Hospitali mimi najua. Nilitembea, nikafika. Wewe ndiyo hukuwepo."

Nilimchukia Nesi mwezi mzima. Kisha nikaanza kujichukia mwenyewe, na hapo ndipo nilipoichana ile barua. Nilibaki zahanati miaka miwili. Nilisoma Kemia alfajiri kabla ya kufungua mlango, nikarudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikafaulu. Barua mpya ilikuwa fupi. Niliandika kuhusu kufuli, jiwe na masikio ya Gidahoda, na yale niliyojifunza kufanya tangu hapo. Kwenye usaili waliniuliza habari za mlango ule tu, na nikawajibu bila kujitetea. Baba naye nilimwambia ukweli.

Sasa nisikilize. Ndiyo, wako wanaoingia kwa kujuana, na hao wananikera kuliko wewe. Lakini D yako ya Fizikia haikuandikwa na mjomba wa mtu. Irudie. Waulize chuo walichokiona kimepungua, na jibu lao ulisome hata likikuchoma. Nenda ukahudumie wagonjwa mpaka usahau kwamba ulikwenda kutafuta cheti. Na barua yako, kabla hujaituma, msomee mgonjwa uliyemtaja humo, umtazame usoni. Ukishindwa kumtazama, ichane uanze upya.

Niliporudi Hanang nikiwa daktari, mama yule alikuja kliniki, akapanga foleni kama wengine. Nilimwamkia shikamoo. Safari hii alinijibu, taratibu: "Marahaba." Gidahoda, sasa kijana mrefu mwenye fimbo ya kuchungia, alikuwa amesimama kando yake. Salamu yetu hakuisikia.

Nenda, mwanangu. Hasira yangu ibaki hapa kwangu, isikufuate njiani. Mungu akupe nafasi unayoililia, akupe na mikono inayoistahili. Na siku atakapokukabidhi ufunguo, akuzuie usiondoke nao.